Kalamu ya Kusaini Siyo Kalamu ya Barua

Kuna imani iliyoota mizizi hapa Morogoro, kuanzia maofisini hadi kwenye kumbi za sherehe, kwamba kalamu nzuri ya wino ni kalamu ya bei kubwa. Iwe nzito mkononi. Nibu yake ing'ae kama dhahabu. Ubavuni iwe na jina la Ulaya, na ije ndani ya kisanduku cheusi kilichotandikwa mahameli. Msimu wa mahafali ya SUA na Mzumbe ukikaribia, maduka ya zawadi mjini huvisogeza visanduku hivyo mbele ya kioo, na wanunuzi hawakosekani. Mhitimu hununuliwa, mstaafu huchangiwa na wenzake, bwana harusi hukabidhiwa na wazee. Maneno ya kukabidhi hayabadiliki: sasa na wewe una kalamu ya maana.

Kwa mtu anayetaka kuandika barua, kalamu hiyo ni hasara. Sisemi ni mbaya kwa kila kazi. Ina kazi moja inayoiweza vizuri sana, nayo ni kusaini. Kusaini ni kazi ya sekunde chache. Unafungua kifuniko taratibu, wageni wanatazama, mpiga picha anajiweka sawa, unaburuza nibu nene juu ya karatasi nene ya mkataba, wino unamwagika kwa ukarimu, jina linakaa limenona kama la waziri. Uzito wa kalamu unaupa mkono utulivu, unene wa nibu unaipa sahihi sura. Hapo pesa imefanya kazi yake.

Barua ni shughuli nyingine. Barua ni kurasa mbili, tatu, nne za mkono uleule, nusu saa na zaidi, juu ya karatasi nyembamba inayoandikwa pande zote mbili kwa sababu hakuna anayetupa upande mtupu. Kila sifa iliyoifanya kalamu ile ing'are kwenye meza ya mkataba inageuka kasoro kwenye meza ya barua. Uzito unachosha vidole. Unene unaziba matundu ya herufi, "a" na "o" na "e" zinakuwa vidonge vyeusi. Ukarimu wa wino unaloanisha karatasi mpaka upande wa pili. Tunanunua kalamu ya kusaini tukidhani tumenunua ya kuandikia, kisha tunashangaa kwa nini inaishia kwenye kabati la kioo sebuleni, kando ya vikombe vya chai vya wageni, wino umekaukia tumboni.

Najua atakayeuliza ni nani bado anaandika barua, na simu ziko. Sitakaa sana hapo. Barua ya posa haitumwi kwa WhatsApp na mtu mwenye adabu zake. Barua kwa mtendaji wa kijiji kuhusu mpaka wa shamba, barua ya kuomba kazi kwa mwajiri anayetaka kuona mwandiko, barua ya jumuiya ya kanisa, barua ya msikiti kwenda kwa mfadhili, barua kwa bibi aliyeko Tchenzema ambaye simu yake huwa na chaji siku ya gulio tu, zote hizo zinaandikwa wiki hii ninayoandika makala haya. Anayesema barua zimekufa hajakaa kwenye kiti cha mbele cha gari la Mgeta akaona bahasha anazokabidhiwa dereva.

Tuanze na dhahabu, maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Nibu ya dhahabu ya kweli huwa imegongwa alama, kwa kawaida 14K au 585, yaani sehemu 585 kati ya 1,000 ni dhahabu, au 18K na 750. Ukikuta nibu inayong'aa haina alama ya namna hiyo, elewa kwamba ni chuma kilichopakwa. Lakini hata ile ya kweli, dhahabu yenyewe haigusi karatasi. Ingegusa ingelika upesi, kwa kuwa ni laini. Kinachogusa karatasi ni chembe ndogo ya metali ngumu iliyochomelewa kwenye ncha, na chembe ya aina hiyohiyo imechomelewa kwenye nibu za chuma. Dhahabu ilipata umaarufu zamani kwa sababu wino wa wakati ule ulikuwa na asidi, na ukila chuma cha kawaida mpaka kinaoza. Kilipopatikana chuma kisichoshika kutu, sababu hiyo kubwa ikaisha. Imebaki ladha ya mkono, maana dhahabu hunepa kidogo, na imebaki fahari. Ladha siibishii, kuna watu wanaihisi kweli. Fahari ndiyo inayouzwa kwenye kisanduku cha mahameli.

Mwamuzi wa kalamu ya barua ni karatasi. Na karatasi ya Morogoro tunaijua. Ni ukurasa uliochanwa kwa uangalifu kutoka kwenye kaunta buku, au fulskapu ya mistari inayouzwa kwa shiti steshenari, au A4 ya kutolea kopi iliyoazimwa ofisini bila kurudishwa. Haikutengenezwa kwa ajili ya wino wa maji. Nyuzi zake zinanyonya, na wino unatembea ndani yake kwa upana na kwa kina. Ukiutembeza wino mwingi kwa nibu nene, herufi zinachanua pembeni, na upande wa nyuma unapata madoa. Nibu nyembamba inaacha mstari mwembamba wenye wino kidogo, unakauka kabla haujapata nafasi ya kutangatanga. Siri nzima ya kuchagua kalamu ya barua iko hapo. Tafuta nibu yenye herufi F, au EF ambayo ni nyembamba zaidi, ukimbie M na B hata ukipewa bure. Na nibu za Kijapani na nyingi za Kichina huwa nyembamba kuliko za Ulaya zenye alama ileile, kwa sababu wenzetu wale wanaandika vibambo vyenye mistari mingi ndani ya nafasi ndogo. Kwa maneno mengine, waliotengeneza kalamu inayoifaa fulskapu yetu si wale tunaowalipa pesa nyingi.

Nimewahi kukaa kwenye baraza moja Kilakala siku ya kusomwa barua ya posa. Mshenga aliileta kama desturi inavyotaka, bahasha ndani ya leso nyeupe, na fedha ya kufungulia barua pembeni. Kijana muoaji alikuwa ameiandika kwa kalamu aliyozawadiwa kazini, nibu nene, wino mweusi tii, pande zote mbili za karatasi moja ya mistari. Mjomba wa binti, ambaye kwa Waluguru neno lake ni zito kwa kuwa ukoo hufuata upande wa mama, alivaa miwani, akasoma mistari miwili, akanyamaza. Akaigeuza karatasi. Akaigeuza tena. Akasimama akaisogeza dirishani, na hapo ndipo alipoiharibu zaidi, maana mwanga uliyatokeza maneno ya upande wa pili yakapanda juu ya haya ya upande wa kwanza. Jina la ukoo wa kijana lilikuwa limechanua, herufi za katikati zimekuwa doa. Mzee akauliza kwa upole kabisa, "Kijana huyu ni wa kwa nani?" Mshenga akajibu kwa mdomo, watu wakacheka kidogo, mambo yakaendelea. Posa ilipokewa. Barua haikusomwa mpaka mwisho. Baadaye niliambiwa bei ya kalamu ile, nikaona ingemnunulia kijana mbuzi wa maziwa kutoka Mgeta, na mbuzi yule angemsaidia zaidi mbele ya wakwe.

Imani hii haikushuka kutoka hewani, ina historia yake. Kwenye shule za enzi ya mkoloni mtoto alichovya. Dawati lilikuwa na tundu la kidau, kalamu ilikuwa kijiti chenye nibu ya chuma, na kila baada ya maneno machache unarudi kwenye kidau kama kuku anayekunywa maji. Kalamu inayobeba wino wake tumboni ilikuwa ya mwalimu mkuu, ya bwana shauri, ya karani wa boma. Uhuru ulipokuja, ishara ile ilihamia kwenye mfuko wa shati na baadaye kwenye mfuko wa kaunda suti. Ukiona kishikizo cha kalamu kinang'aa kifuani unajua huyu ni mtu wa ofisi. Kwa hiyo tangu mwanzo tuliitazama kalamu ya wino kwa nje, kwenye kishikizo chake, kabla hatujauliza inaandikaje. Babu zetu wasilaumiwe, kalamu kweli zilikuwa chache. Sisi hatuna udhuru huo.

Na hapo nataka niitaje Hero, kalamu ya Shanghai, ambayo waliosoma miaka ya 1970 na 1980 wengi wanaikumbuka. Ile miaka ya kujengwa TAZARA, kuanzia 1970, bidhaa za Kichina ziliuzwa kwenye maduka yetu na mapato yake yakasaidia kulipia gharama za ndani za reli, na ladha ya vitu vya Kichina, kuanzia baiskeli hadi thamosi, ikaingia majumbani. Leo mtu akitoa Hero mfukoni huchekwa kwamba ana kalamu ya mwanafunzi. Wanaocheka hawajui wanachokicheka. Umbo la Hero zile za nibu iliyofichwa, inayochungulia ncha tu, limefuata Parker 51 ya Marekani, iliyotoka mwaka 1941 na ambayo wapenzi wa kalamu duniani wengi wanaiweka miongoni mwa kalamu bora zilizowahi kutengenezwa. Nibu ilifichwa kwa sababu ya kazi, siyo urembo: ikifunikwa haikaukiwi na wino haraka unaposita kutafuta neno. Mtu anayeandika barua Morogoro mwezi wa Desemba, joto limetulia juu ya mji na feni inazunguka, anasita mara nyingi kutafuta neno. Kalamu anayoidharau ina dawa ya shida hiyo. Ile ya kisanduku, yenye nibu pana iliyo wazi kama jembe, inamkaukia katikati ya salamu.

Nisiwadanganye pia kwamba kila kalamu rahisi ni nzuri. Za bei nafuu zina tatizo lake: mbili za aina moja kutoka trei moja zinaweza kutofautiana kama watoto wa tumbo moja. Hii inaandika, ile inakwaruza. Ndiyo maana nasema ununuzi wa kalamu ni wa macho na mkono, haumalizwi na jina. Itazame nibu kwa mbele, ukiielekeza kwenye mwanga. Ncha imegawanyika mara mbili; vipande vyote viwili viwe usawa mmoja, kimoja kisipande juu ya kingine. Andika namba nane kubwa nyingi zikiwa zimelala, bila kukandamiza hata kidogo. Nibu nzuri inateleza pande zote za ile nane. Mbovu itakwaruza upande mmoja. Kisha chukua kifuniko, kifute, kiweke mdomoni, uvute hewa. Kikiganda kwenye midomo hakipitishi hewa, na kalamu yako haitakauka ukiiacha mezani kutoka Ijumaa hadi Jumatatu. Kikipitisha hewa kama filimbi, rudisha. Muuzaji atakushangaa, mwache akushangae.

Kuvuja ni hoja wanayoipenda sana watetezi wa kalamu za bei. Kalamu rahisi inavuja, wanasema, ya gharama haivuji. Ningewaomba wapande nazo mlimani. Morogoro mjini tuko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Panda gari, pita Sangasanga, Mlali, Mgeta, mpaka Nyandira, na umevuka mita 1,500. Njiani msukumo wa hewa umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ile hewa uliyoifungia ndani ya kalamu pale Msamvu mjini sasa inataka nafasi kubwa zaidi, na njia pekee ya kuipata ni kuusukuma wino utoke kwenye nibu. Kalamu iliyojaa wino haina hewa ya kutosha kufanya ghasia hiyo. Iliyo tupu haina wino wa kumwaga. Iliyobaki nusu ndiyo inayokuchafulia shati, na haijali ilinunuliwa wapi. Joto la kifua chako linafanya vilevile, kwa kadiri yake. Anayepanda Uluguru aijaze kalamu pomoni au aimwage kabisa, aichomeke mfukoni nibu ikiangalia juu, basi. Tofauti kati ya kalamu ya gharama na ya bei poa kwenye kona za Mgeta ni kwamba ya bei poa ikivuja unasikitikia shati peke yake.

Wino unasahauliwa kabisa kwenye mazungumzo haya, na kwangu mimi una uzito kuliko kalamu. Wahenga walisema wino wa Mungu haufutiki. Wa chupa iliyoandikwa kwamba unafulika, unafutika kwa mvua ya Kinole. Milima yetu haina tabia moja: mji umekaa upande wa kivuli cha mvua na hupata chini ya milimita 1,000 kwa mwaka, wakati miteremko ya mashariki inayotazama bahari, kule Kinole na Matombo, inapata zaidi ya mara mbili ya hizo. Hewa ya huko ina unyevu, karatasi ya huko ina unyevu kabla hujaigusa, na wino unaochanua kidogo hapa mjini unachanua sana kule. Tena barua ya kule haifiki mlangoni. Inafika S.L.P. ya parokia, ya shule au ya mtu mwenye sanduku mjini, kisha inapanda bodaboda chini ya koti la dereva, au inakaa kwenye kapu la mama anayerudi kutoka sokoni. Masika yakiikuta njiani na wino wako ni wa kufulika, mpokeaji anapata karatasi yenye rangi ya anga. Chagua wino wa kudumu, wa bluu iliyokolea au bluu nyeusi. Chupa huwa imeandikwa waziwazi kama ni wa kudumu au wa kufulika, hata kwenye Quink ya Parker iliyoanza kuuzwa mwaka 1931. Nao wa kudumu una masharti yake: usiuache ukaukie ndani, osha kalamu kwa maji ya kawaida kila baada ya kuijaza mara kadhaa au ukiona mstari unafifia. Maji ya moto yataipinda plastiki.

Na kuna kosa moja ambalo limewaua wengi, namaanisha kalamu zao. Ukienda steshenari ukasema "nipe chupa ya wino", uwezekano ni mkubwa utapewa wino wa mhuri. Ni mzito, umetengenezwa ukae kwenye sponji bila kukauka, na ukiingia kwenye kalamu unaziba ile mifereji midogo iliyo chini ya nibu na hautoki kwa maji. Wino wa kujazia printa nao una kazi yake, na kazi hiyo iko ndani ya printa. Soma chupa. Kama haisemi ni wa kalamu, achana nao.

Hapo ndipo kisanduku cha mahameli kinapokuaibisha mara ya mwisho. Nyingi ya kalamu hizo huja na katriji moja au mbili, vile vibomba vya plastiki vyenye wino, na kampuni kubwa nyingi kila moja ina umbo lake. Zikiisha, unazunguka mji mzima, kutoka sokoni hadi Mji Mpya, huzipati. Wajanja hununua bomba la sindano duka la dawa na kuijaza tena katriji ileile, na mimi nawapongeza, ila ona tulipofika: kalamu ya mamia ya maelfu inahudumiwa kama mgonjwa. Kalamu ya barua iwe na kipampu chake chenyewe cha kuvutia wino kutoka kwenye chupa yoyote. Hero ile ya kuchekwa inacho: unaminya mpira, unaachia, imekunywa.

Wapo wa upande wa pili, wasiotaka kusikia habari hizi kabisa, wanaosema biki inatosha. Hawa nawaheshimu kuliko wale wa mahameli. Kalamu ya kibiringo aliyoipatia hataza László Bíró mwaka 1938, na ambayo Marcel Bich aliifanya kuwa ya kila mtu alipotoa Bic Cristal mwaka 1950, haivuji mlimani, haifutwi na mvua kirahisi, na inaandika juu ya karatasi ya kufungia vitumbua. Anwani ya juu ya bahasha naiandika kwa biki, bila aibu. Lakini biki inataka kukandamizwa, na kukandamiza kwa kurasa nne ni kazi. Mwangalie mzee mwenye maumivu ya viungo akiandika kwa biki: kufika nusu ya ukurasa wa pili herufi zinalala, mistari inashuka, na barua inaishia "mengine nitakueleza tukionana". Mpe mzee huyo kalamu ya wino nyepesi yenye nibu nyembamba, umfundishe asikandamize, maana wino unatoka wenyewe kwa kugusa tu. Atakuandikia mpaka habari za jirani. Faida ya kalamu ya wino ni hiyo, na haina uhusiano wowote na dhahabu wala na kisanduku.

Utaambiwa pia kwamba kalamu nzuri inarekebisha mwandiko. Haifanyi hivyo. Mwandiko unatoka kwenye bega, kiwiko na uvumilivu wa mwalimu wa darasa la tatu. Mwandiko mbovu ukiandikwa kwa nibu nene unakuwa mbovu na mkubwa. Utaambiwa usimwazime mtu kalamu yako kwa kuwa nibu imeshazoea mkono wako. Hapa pana chembe ya ukweli: asiyeizoea ataikandamiza kama biki, na vipande viwili vya ncha vitatanuka. Mwazime, lakini mwambie.

Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, miaka ambayo kwa sehemu kubwa alikuwa karani wa serikali, mara pwani, mara bara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia Taasisi yake ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), kilizitoa kitabuni mwaka 2002 zikiwa zimehaririwa na Profesa Mulokozi. Nimesikia watu wakijadili lugha ya barua zile, dini iliyomo, mashaka ya mshahara, upendo wa ndugu kwa ndugu. Sijamsikia mtu hata mmoja akiuliza kuhusu nibu. Zilitufikia kwa sababu mwandishi aliandika mara kwa mara na mpokeaji aliweza kuzisoma na kuzitunza. Kalamu ya barua haidaiwi kitu kingine zaidi ya kumfanya mtu aandike tena wiki ijayo, na maandishi yake yasomeke yakifika.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaochangisha kwa ajili ya mstaafu wa mwezi huu, naomba mfikiri upya. Kwa pesa ileile ya kisanduku mnapata kalamu tatu nne nyepesi za nibu nyembamba, chupa mbili za wino wa kudumu, rimu ya karatasi na bahasha za kutosha mpaka Pasaka. Mkiona haina heshima ya kutosha kwenye picha, mfungieni ndani ya khanga.

Na wewe unayenunua ya kwako, usiende dukani mikono mitupu. Chana ukurasa kutoka kwenye daftari utakalotumia kwa kweli, uukunje mfukoni, uende nao. Omba kalamu ichovywe wino. Andika jina lako, S.L.P. yako na mistari kama mitano ya maneno yoyote, kisha geuza ukurasa uandike tena upande wa pili. Rudi upande wa kwanza uusome. Ukisomeka bila shida, lipa. Usiposomeka, mrudishie mwenye duka kalamu yake, hata kama nibu imegongwa 18K. Akikataa usiijaribu kabla ya kununua, duka la vifaa vya kuandikia Morogoro si moja.